Walinitoza Kodi ya Baridi

Frigo zangu hazipozi kitu. Naomba uanze na jambo hilo, juu nimelisema mara nyingi mbele ya watu wenye mabegi na hakuna aliyelisikia. Ni frigo mbili zilizokufa zamani, mota zake zimeng'olewa. Moja ilikuwa ya baba, tangu wakati kampuni ya madini ilipokuwa bado inakumbuka kulipa. Ya pili niliipata kwa mtu aliyekuwa anawekea viatu ndani. Nimetundika taa za kizamani, zile zinazounguza vidole, chini nimeweka sahani ya maji, katikati trei za waya. Ukifungua mlango wake unapigwa na joto usoni, kama mtu aliyeinama juu ya sufuria ya bukari, ugali wetu. Humo ndani ninatotolesha mayai ya kuku.

Na bado, katika mji huu wetu wa Likasi ambapo kila mtu anajua tofauti ya moto na baridi tangu anyonye, nimetozwa kodi ya chumba cha baridi.

Mimi ni mtu wa kucheka. Kwetu wananijua hivyo. Shule niliiachia njiani, mwaka wa tatu wa sekondari, na siku ile pia nilicheka mbele ya mama ili asilie. Lakini kwa jambo hili nimejaribu kucheka na kicheko kinakataa kutoka. Basi acha niandike nikiwa na hasira hivi hivi, nisije nikaandika vizuri halafu nikasahau.

Kazi yangu ina utaratibu wake. Mimi sina kuku wengi. Majirani ndio wananiletea mayai, kila mtu akiwa ameyatia alama kwa kipande cha makaa: mmoja anachora msalaba, mwingine herufi ya jina la mtoto wake, mwingine duara tu. Ninayaweka kwenye trei, ninayageuza asubuhi, mchana na jioni, usiku ninayamulika kwa tochi kuona kama kuna mshipa mwekundu ndani. Baada ya wiki tatu yanapasuka. Malipo yangu ni vifaranga: katika kila kumi wanaotoka, wawili ni wangu. Pesa hazipiti hapo kabisa. Majirani hawana, nami sitaki kuwadai watu ninaokutana nao kila siku kwenye bomba la maji.

Ndoto yangu ninaisema bila haya. Nataka siku moja mtu wa Likasi akitaka kuku asile yule wa kwenye katoni, aliyevuka bahari akiwa mgumu kama jiwe. Ale wa hapa. Nataka banda refu lenye madirisha, na gari dogo lililoandikwa ubavuni. Nilikwisha kuchagua hata rangi ya gari. Mama ananiambia, "Kwanza ununue kandambili mupya, gari itakuya kisha." Ana haki. Lakini ninaota bado.

Katika wateja wangu kuna mama mmoja muuza samaki. Nimuite hivyo tu. Miaka mingi amekuwa akienda ziwa Tshangalele kuchukua samaki kwa wavuvi na kurudi nao mjini, beseni kichwani, magoti yakilalamika kuliko yeye mwenyewe. Wakati wa baridi mwaka huu magoti yalikataa. Akanijia, akaketi kwenye kiti changu, akaniambia kwamba njia ya ziwani imemshinda, anataka kufuga. Alikwenda kule mara ya mwisho na badala ya kununua samaki, alizunguka kijiji kwa kijiji pembeni ya maji akikusanya mayai ya kuku wa kienyeji. Mtaji wake wote, ule wa kuzungusha samaki, aliugeuza mayai. Aliyaleta katika teksi-basi akiwa ameyapakata mapajani, kati ya pumba za mahindi, na njia nzima alikuwa anawatukana watu waliomsukuma. Kila yai alikuwa amelichora kasamaki kadogo.

"Mutoto yangu," aliniambia, "humu muko mafuta, chumvi na nyumba ya kulipa. Unisikie muzuri."

"Nimesikia, mama."

"Kama inakufa, minye narudia kuikala mu barza na kuangalia batu banapita."

Mayai yake yalijaza frigo ya chini, ile ya baba. Ya juu, kwenye meza, ilikuwa na mayai ya majirani wengine na machache yangu.

Sasa niwaeleze hao wenye mabegi. Kwenye barabara yetu wanakuja bila kukoma. Leo wa komini, serikali ya mtaa, kesho wa mkoa, kesho kutwa wa usafi, halafu wa mazingira, halafu mmoja asiyejulikana ni wa nini lakini ana gile, kizibao cha rangi, na kalamu. Majirani zangu wamejifunza. Wa kwanza kuwaona anapiga bati la kibanda chake mara mbili, na mara moja unasikia milango ikifungwa barabara nzima, kinyozi anamwacha mteja na nusu ya kichwa, muuza mkate anajificha na mkate wake. Wakipita, milango inafunguka tena na nusu ya kichwa inamaliziwa.

Mimi peke yangu nilikuwa sifungi. Sababu moja ni mayai. Chumba kikifungwa kabisa wakati jua ni kali, joto linazidi na yanapikika. Sababu ya pili ni malezi. Nilifundishwa kwamba mtu akifika mlangoni anapewa kiti, na maji kama yapo. Nilikuwa nawapa kiti hata hao. Kinyozi alinionya: "Weye unabapatia kiti, beye banaona wewe njo uko na makuta." Nilimjibu kwamba pesa sina, na wao pia ni watoto wa watu. Leo ninapoandika neno hilo ninajitafuna ulimi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wiki tatu zilikuwa zimetimia. Asubuhi nilikuwa nimeinama nikisikiliza, na ndani ya maganda nilisikia ile sauti, tik, tik, ya mdomo mdogo unaogonga. Kwenye frigo ya chini kasamaki kadhaa zilikuwa zimekwisha kupata ufa. Wawili watatu walikuwa wametoka kabisa, wamelowa, wamelala juu ya wenzao kama walevi. Nilifurahi hadi nikaanza kuimba. Sikusikia bati likipigwa.

Waliingia wawili. Mwanamume wa makamo mwenye begi la ngozi, na msichana wa umri wangu aliyebeba muhuri na gundi.

"Weye njo mwenye fasi hii?" mwanamume aliuliza.

"Ndiyo, papa. Karibu, muikale."

"Hatukukuya kuikala. Minaona frigo mbili. Chambre froide, chumba ya baridi." Akaanza kuandika.

"Hapana, papa. Haina ya baridi. Ni ya mayai."

"Njo vile. Ya kuchunga mayai isiharibike."

"Hapana kuchunga. Ya kutotolesha. Mule ndani iko moto. Tia mukono, papa, utasikia."

Alinitazama kama nimemwambia atie mkono kwenye mdomo wa mbwa. "Minye mukubwa muzima, mutoto mwanamuke aniambie nitie mukono mu kitu yake?"

Nilifungua kidogo mlango wa frigo ya juu, kidogo tu, kwa sababu wakati wa kuangua hewa ya nje ni mbaya, inakausha ngozi ya yai na kifaranga anakwama. Msichana mwenye muhuri alinyosha mkono. Uso wake ukabadilika, akatabasamu. "Papa, ni kweli. Iko moto. Na kuko kitu inalia mule."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna mutu, papa."

"Andika." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. "Sikiliza. Mu karatasi yangu kuko saluni, kuko boutique, kuko depo, kuko chambre froide. Hakuna moto ya mayai. Na frigo inaweza kufa, inaweza kutoa moto, inaweza kutoa hata moshi. Ikikufa, inabakia paka frigo, frigo tu."

Nikacheka. Sikutaka. Kicheko kilitoka chenyewe, juu lile neno la frigo inayotoa moshi lilinikamata vibaya, na msichana naye akaziba mdomo kwa kiganja. Mwanamume aliona vyote viwili.

"Unanicheka minye?"

"Hapana, papa. Unisamehe. Nacheka ile frigo."

"Unacheka Leta." Leta ndiyo serikali, kwetu. Alilitamka kama mtu anayetaja jina la babu yake. "Ulilipa ya mwaka huu?"

"Ya kibanda nililipa. Ya baridi sijalipa, juu baridi sina."

"Basi tunafunga. Utaona kama utacheka."

Nilidhani ananitisha ili nitoe kitu. Ndivyo inavyokwendaga: wanatisha, unatoa ya usafiri, wanakwenda kumtisha jirani. Lakini mimi siku ile sikuwa na kitu, na yeye alikuwa ameumizwa mbele ya msichana. Alinisukuma nje kwa bega. Akavuta mlango. Msichana akapaka gundi, akabandika scellé, karatasi ya muhuri, nusu juu ya mbao na nusu juu ya fremu, akapiga muhuri mara mbili. Hakunitazama.

Hapo ndipo nilipoanza kulia na kuomba. Nilimshika mkono wa shati. "Papa, munifungie kesho. Kesho, papa. Leo banazaliwa. Muchukue kiti, muchukue meza, muchukue simu yangu, lakini leo muache mulango."

"Ukigusa ile karatasi," alisema, akiutoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, "njia yako ni Buluo. Kule utacheka na benzako."

Buluo ni gereza. Hakuna mtoto wa Likasi asiyejua neno hilo linamaanisha nini likitamkwa na mtu mwenye begi.

Nilikimbia hadi ofisi yao. Sikuchukua hata kitambaa cha kichwa. Kwenye korido kuna benchi la watu wanaosubiri, na mlango wa shefu, na mlangoni amekaa karani anayekula karanga. Alinisikiliza vizuri kabisa. Alitikisa kichwa kwa huruma kabisa. Kisha akaniambia shefu ameenda kwenye matanga, hatarudi leo.

"Kuko mwingine mwenye anaweza kutoa scellé?"

"Hakuna. Ni shefu paka yeye."

"Na ile papa mwenye alifunga?"

"Ile anafungaka. Kufungula haina kazi yake."

Fikiria neno hilo. Wamempa mtu uwezo wa kufunga maisha ya mwenzake kwa gundi, na hawakumpa uwezo wa kufungua. Nami nilikuwa ninawapa kiti.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama mbele ya mlango uliobandikwa, mikono kifuani, akiitazama ile karatasi kama inaweza kuuma. Kutoka ndani tulisikia sauti. Vifaranga walikuwa wengi sasa. Niliweka sikio kwenye mbao na niliwasikia, na nilipiga magoti pale pale vumbini. Taa zilikuwa bado zinawaka, mwanga mwekundu ulionekana chini ya mlango. Nikajiambia, ilimradi umeme upo, wataweza. Maji kwenye sahani yatafika kesho. Wataweza.

Umeme ulikatika mchana, jua likiwa bado juu.

Umeme ukikatika huwa ninachemsha maji, ninayajaza kwenye bidoni, madumu ya plastiki, na kuzipanga ndani ya frigo, moja kila upande. Mama alikuwa amekwisha kuwasha mbabula, jiko la makaa, na kuweka sufuria kabla sijasema. Tulisimama na bidoni za maji ya moto mikononi, mbele ya karatasi. Ninyi mnaosoma, mtaniambia karatasi ni kitu gani. Kwangu siku ile ilikuwa nene kuliko ukuta.

Muuza samaki alifika jioni akichechemea. Habari zilikuwa zimemfikia kwenye bomba. Hakusalimu. Aliusogelea mlango, akasikiliza muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Banalia nguvu hivi juu ya nini?"

"Kuran imeenda, mama, umeme imekatika. Banasikia baridi."

"Na weye unaikala chini?"

"Scellé, mama. Nikipasula, ni Buluo."

Aliitazama karatasi. Aliitazama juu, chini, kando. Muuza samaki amebishana na wavuvi, madereva na askari wa barabarani maisha yake yote, na macho yake yana kasi. Yakapanda hadi juu ya ukuta.

"Mu bati balitia scellé?"

"Hapana, mama."

"Basi unalia nini? Ita bale benye mayai."

Chumba changu kimeezekwa kwa bati tatu za zamani, zimeshikwa kwa mawe na tairi la gari kuliko misumari. Kila mtu wa Likasi mwenye kajumba ka nyuma anajua paa la namna hiyo. Upepo wa mvua ya kwanza huliondoa bila kuomba ruhusa. Wanawake walikuja: mama wa kanisa la sala, yule anayechora misalaba kwenye mayai yake, jirani wa herufi, na dada wa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alileta ngazi akashika chini, akitazama barabarani kila mara. Waliondoa mawe. Bati la katikati likainuliwa polepole, likilia. Mama alikuwa anasema, "Yesu, Yesu, Yesu," na mama wa sala akamjibu kutoka juu, "Amen, lakini shika hapa."

Nikashukia ndani kwa mikono.

Sitaki kueleza sana. Taa zilikuwa zimezimika saa nyingi. Frigo ya juu, ile yenye mlango mzuri, ilikuwa bado na uvuguvugu. Ya chini, ya baba, mpira wa mlango wake umechakaa, na sakafu ya saruji inavuta baridi. Hao waliokuwa wametoka asubuhi, wale walevi wangu, walikuwa wamelala pembeni wamekauka, wagumu. Wengine walikufa nusu ndani nusu nje, mdomo kwenye ufa. Kila ganda lilikuwa na kasamaki.

Juu yangu, kwenye tundu la bati, niliona uso wa muuza samaki.

"Yangu?" aliuliza.

Nikamwinulia ganda moja lenye kasamaki. Akaelewa. Kisha akanyosha mkono wake mrefu kupitia tundu. "Leta benye kuwa bazima. Haraka. Hata ya wengine."

Nilimpa mayai yaliyokuwa bado na sauti, moja moja, na vifaranga ndani ya sketi yangu. Bidoni zingeweza kushuka, lakini na tundu lile juu, joto lingetoka lote, na tukifunika bati hakuna ambaye angebaki ndani kuzibadilisha. Mama wa sala ndiye aliyefanya wa kwanza. Alilipokea yai, akalipangusa, akalitia kifuani, ndani kabisa, chini ya kitenge. "Tulilea watoto humu," alisema. Wengine wakafanya vile vile. Muuza samaki, ambaye kwenye frigo ya juu hakuwa na hata yai moja, alifungua vifungo akatia misalaba ya mwenzake upande mmoja na herufi upande mwingine, akafunga vifungo. Wakanivuta juu, bati likarudishwa. Mawe yakarudishwa. Karatasi haikuguswa.

Tulilala kwetu wote, ndani ya chumba cha mama, tumeketi, tumejifunika mablanketi, kila mmoja akiogopa kuinama. Umeme haukurudi.

Ijumaa asubuhi nilisema ninakwenda ofisini. Walisimama wote. "Tunaenda na nani atashika mayai?" aliuliza jirani, na wote wakajitazama vifua wakaanza kucheka, hata mama. Tulikwenda kwa miguu, polepole kama mabibi harusi, mikono imeshikilia chini ya vitenge.

Tulijaza benchi lote. Karani wa karanga alituuliza kama tumekuja kwa matanga. Shefu alifika akiwa na viatu vya kung'aa, akatupita. Yule mwanamume wa begi alikuwa naye, na msichana nyuma yao. Kabla mlango haujafungwa, kifuani mwa mama wa sala kitu kikalia. Piii. Kwa sauti, korido nzima.

Shefu akageuka. "Ni simu ya nani ile?"

"Haina simu, shefu," mama wa sala alisema. "Ni chambre froide."

Korido ikaanguka. Watu waliokuja kulipa, watu waliokuja kuomba, hata askari wa mlangoni, wote walicheka. Mama wa sala aliingiza mkono akatoa kifaranga ambaye bado alikuwa na ganda mgongoni, akamnyanyua. Mimi sikucheka. Nilisimama mbele ya shefu na nilisema yote, sauti ikinipanda, bila papa wala naomba. Kwamba frigo zangu ni za moto. Kwamba nilimwomba mtu wake atie mkono akakataa. Kwamba jana walifunga mlango juu ya vitu vinavyozaliwa.

"Na mulibatosha mule ndani namna gani?" aliuliza mwanamume wa begi, upesi. "Shefu, balipasula scellé!"

"Scellé iko pale pale," muuza samaki alisema. Hakuinua sauti. "Nenda uangalie. Hata gundi haijatoka. Bati yake haina na scellé. Ungetaka, ungepanda na weye."

Shefu alituangalia benchi zima. Nilimwona akipima: wanawake wangapi, kicheko kiasi gani, na watu wangapi wa kukipeleka mjini. Hakusema samahani. Niweke hilo wazi, hakuna aliyesema samahani, wala siku ile wala leo. Alisema kwamba kwenye karatasi hakuna mahali pa kazi yangu, kwa hiyo nitabaki chambre froide mpaka wakubwa wa mkoa kule Lubumbashi waamue, nitalipa kidogo kidogo. Na kuondoa scellé kuna malipo yake.

"Basi tunaikala," alisema jirani wa herufi, akajiegemeza ukutani.

Piii, ikasema benchi. Piii, piii.

Shefu alisimama kidogo, akamgeukia yule mwanamume. "Nenda ubafungulie. Bule."

Alitembea mbele yetu njia yote, begi kwapani, na watoto wa kartié, mtaa wetu, wakatufuata. Alibandua karatasi kwa ukucha. Mlango ukafunguka, na harufu ikatoka. Kwa mwangaza niliwatoa wale wa frigo ya chini, nikawapanga juu ya gunia nje, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Walikuwa wengi. Kwenye kikapu, pembeni ya mbabula, wanawake walikuwa wanawatoa wazima kutoka vifuani, wa manjano, wa kahawia, wakitembea wakianguka.

Mwanamume alisimama. Alikuwa ametimiza kazi na hakuondoka. Alitazama kikapu, na uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu yeyote. "Beko bazuri," alisema. "Kwetu niko na katoto, kanapenda bitu ya vile. Munipatie kamoja, basi. Ya kusahau ile mambo."

Kwetu mtu akikusaidia kitu na akaomba, unampa. Mkono wangu, mjinga, ulikuwa umeanza kwenda kikapuni peke yake. Nilifika karibu. Halafu nikaurudisha.

"Hapana," nilisema.

"Kamoja tu, mutoto mwanamuke."

"Hapana."

Sijawahi kumnyima mtu kitu usoni, na moyo ulinipiga kama nimeiba. Muuza samaki alinisogeza kando. Aliinama kwa shida, magoti yakilia, akavuta gunia kwa pembe mpaka miguuni pake.

"Bale ya kikapu haina yangu, papa, siwezi kukupatia," alimwambia. "Yangu ni hii. Chagua."

Alitazama chini. Maganda yaliyochorwa samaki, midomo ndani ya nyufa. Akaweka begi begani, akaondoka, na wala hakuna aliyepiga bati.

Nilimpa muuza samaki fungu langu lote la vifaranga wa siku ile. Alikataa, nikalia, akakubali kwa ukali, akisema nisimpigie kelele. Hawafiki hata robo ya alichokuwa nacho. Jumatatu nilimwona akipita asubuhi na mapema na beseni, kuelekea kwenye teksi-basi za ziwani, akitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Nilimwita. Alinipungia mkono bila kugeuka, kwa sababu akigeuka magoti yanauma.

Nimewasha taa tena. Ninageuza mayai asubuhi, mchana na jioni, na ninalipa baridi ambayo sina.